Zana hizi au zana hawa? Majina ya wanawake wa milimani katika masimulizi ya Waalbania

Utangulizi

Mwaka jana, katika somo la kutafsiri, nilipewa ukurasa mmoja wa Kifaransa uliosimulia wimbo wa kale wa Waalbania. Katika mstari wa tatu nilikutana na neno zana. Mwandishi wa Kifaransa alikuwa ameliacha lilivyo, nami nikaliacha lilivyo. Niliandika: «Zana zilimpa kijana nguvu.» Mwalimu alipofika kwenye sentensi yangu aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaniuliza:

– Mwanangu, zana hizi ni za kulimia au za kupigania?

Ukumbi mzima ukacheka. Nikaona haya, nikafuta upesi na kuandika juu yake «mashetani wa mlimani». Hapo Mwalimu hakucheka.

– Sasa umekosea zaidi, alisema. Nenda ukasome kwanza hao ni akina nani.

Nilienda kusoma, na makala hii imetoka huko. Sikusudii kueleza kila kiumbe cha milima ya Albania, maana ni wengi. Nataka kuonyesha jambo moja ambalo linatuhusu sisi watu wa lugha: ukitaka kuwafahamu wanawake hawa wa milimani, usianze kwa kuuliza wanafanana na nini kwetu. Anza kwa kuuliza wanaitwaje na kwa nini wanaitwa hivyo. Nitachukua majina matatu: zana, ora na shtojzovalle. La kwanza limerithiwa kutoka zamani sana, la pili linagusa saa na bahati, la tatu kwa kweli si jina bali ni sala.

1. Nchi na lugha

Kialbania ni lugha ya ukoo wa Kihindi-Kiulaya, lakini ndani ya ukoo huo ni tawi peke yake, kama vile Kigiriki kilivyo tawi peke yake. Kinasemwa Albania, Kosovo, sehemu za Makedonia Kaskazini na za Montenegro, na katika vijiji vya wahamiaji wa zamani huko Italia na Ugiriki. Kina lahaja kuu mbili zinazotenganishwa na mto Shkumbin: Kigegi upande wa kaskazini na Kitoski upande wa kusini. Alfabeti ya Kilatini inayotumika leo ilikubaliwa katika mkutano wa Manastir mwaka 1908. Lugha sanifu ya shule na serikali, iliyowekwa mwaka 1972, imejengwa zaidi juu ya Kitoski.

Tarehe hizo zina maana kwetu, kwa sababu masimulizi tunayoyazungumzia hapa yamehifadhiwa hasa katika Kigegi, yaani katika lahaja ambayo haikuchaguliwa. Ni masimulizi ya wachungaji na wapiganaji wa milima ya kaskazini, inayoitwa Bjeshkët e Nemuna, «Milima Iliyolaaniwa», ambayo kilele chake cha juu, Maja e Jezercës, kinafika mita 2694. Huko tendi za mashujaa huimbwa na mtu mmoja akijipigia lahuta, chombo chenye uzi mmoja tu. Mashujaa wakuu wa tendi hizo ni ndugu wawili, Muji na Halili. Tendi zenyewe zina ndugu zake upande wa pili wa mpaka, katika nyimbo za Waislamu wa Bosnia, ambako mahali pa zana panashikwa na kiumbe anayeitwa vila.

Waliokusanya tendi hizo kwa bidii kubwa walikuwa mapadre Wafransisko. Bernardin Palaj na Donat Kurti walichapa mkusanyo wao mwaka 1937, na mwaka huo huo Mmarekani Albert Lord alipita milima hiyo akiandika nyimbo kutoka vinywani mwa waimbaji. Mwaka 1937 pia ndipo padre mwingine, Gjergj Fishta, alipotoa toleo kamili la utenzi wake mkubwa Lahuta e Malcís, ambamo zana na ora wanasema na kutenda kama wahusika kamili. Mtu anaweza kushangaa: mapadre wanaandika habari za viumbe wasiokuwemo katika katekisimu, tena katika tendi ambazo mashujaa wake ni Waislamu! Lakini waliandika walichosikia na kuacha kila jina lilivyotamkwa. Baada ya vita, utawala wa kikomunisti uliwafunga Palaj na Kurti, na kitabu cha Fishta kikapigwa marufuku. Kama wangengoja miaka kumi, sehemu ya maneno haya ingekuwa imeondoka na wazee.

2. Zana: jina lililorithiwa

Katika Kialbania nomino hubeba alama ya kujulikana mwishoni mwake. «Zanë» ni zana fulani asiyejulikana, «zana» ni yule tunayemjua. Umbo lililosafiri hadi katika vitabu vya Kifaransa, na kutoka hapo hadi kwenye karatasi yangu, ni hilo la pili.

Wataalamu wengi wamelihusisha neno hili na Diana, mungu wa kike wa Warumi aliyekaa porini na kuwinda. Kwa sikio letu safari ya kutoka Diana hadi zana ni ndefu, lakini tazameni Kiromania, jirani ya Kialbania kwa karne nyingi. Huko sauti d ya Kilatini ikifuatwa na i iligeuka z bila kubahatisha: dies, «siku», likawa zi, dicere, «kusema», likawa zice, na Diana akawa zână, ambaye ni mwanamke wa ajabu wa hadithi. Hata Kifaransa tulichosoma shuleni kina mwendo unaofanana: diurnum ya Kilatini ndiyo iliyozaa jour. Wengine wametazama upande mwingine, kwa mungu wa kike Thana, anayetajwa pamoja na Vidasus katika maandishi ya mawe ya wakati wa Warumi yaliyopatikana Topusko, nchini Kroatia. Kwa vyovyote, jina ni la kale, na linamtaja mwanamke wa porini mwenye enzi yake mwenyewe.

Na enzi hiyo inaonekana katika masimulizi. Kila mlima una zana wake. Wanakaa karibu na chemchemi, wanaoga, wanaimba, wanapumzika kwenye vivuli ambavyo binadamu hatakiwi kupumzika. Ni wazuri, lakini sifa inayotajwa nao daima ni ushujaa. Hadi leo, kumwita msichana zana ni kusifu uzuri wake na ujasiri wake kwa pamoja, na wazazi wengi wa Albania na Kosovo wamewapa binti zao jina hilo la Zana. Nauliza: nani angempa binti yake jina la Shetani?

Utenzi wa Nguvu za Muji unaeleza uhusiano wao na binadamu kuliko maelezo yoyote. Muji, akiwa bado mvulana, anachunga ng'ombe wa tajiri. Siku moja ng'ombe wanapotea mlimani na usiku unamkuta huko. Anasikia watoto wachanga wakilia, anaona vitanda vyao vya kubembea, anawabembeleza mpaka wanalala. Mama zao wanarudi: ni zana wawili. Wanamuuliza anataka malipo gani: nguvu za vita, mali na mifugo, au elimu na lugha nyingi za kusema? Muji anajibu kama mtoto: wavulana wenzake wanamwonea, basi anataka nguvu za kuwashinda. Zana wanampa maziwa yao. Wanamwambia ainue jiwe kubwa. Mara ya kwanza linapanda kidogo tu kutoka ardhini. Wanamnyonyesha tena, linapanda zaidi, hadi mwishowe analiinua juu ya mabega. Hapo wanamsimamisha, wakiogopa kwamba akiongezewa ataiharibu dunia. Halafu wanamtaka awe ndugu yao.

Hayo si mambo ya kumwogofya mtu. Mvulana alitenda wema kwa watoto, akalipwa kwa maziwa ya mama, na maziwa yakaleta undugu. Nguvu za shujaa mkubwa wa taifa zima zimetoka kifuani mwa mwanamke wa mlimani.

Lakini zana yuleyule huadhibu. Katika utenzi wa ndoa ya Muji, watu wanaokwenda kumchukua bibi-arusi wanaonywa wasitue mahali pa zana. Wakati wa kurudi wanapuuza onyo, wanatua, wanacheza na kupiga kelele. Zana wanawageuza mawe, na kumchukua bibi-arusi awe mtumishi wao. Kialbania kina kitenzi kwa tendo hilo: shitoj, kumpiga mtu kwa nguvu isiyoonekana hata asiweze kujongea. Muji anamkuta mkewe kwenye chemchemi na kumwambia awaulize zana, wakati wa chakula, nguvu zao ziko wapi. Wanafichua siri: ziko katika mbuzi-mwitu watatu wenye pembe za dhahabu. Muji anawakamata wakiwa hai. Zana, wakiwa sasa hawana nguvu, wanakuja kuomba. Mawe yanageuka watu tena, bibi-arusi anarudi, na Muji anawarudishia mbuzi wao. Hakuna anayeuawa. Kesi ya mpaka uliovukwa imekwisha kwa kila upande kupata chake.

3. Ora: jina la saa na la bahati

Ora ni jambo lingine. Zana ni wa mlima. Ora ni wa mtu. Katika imani ya kaskazini kila anayezaliwa huzaliwa na ora wake, anayemfuata maisha yake yote. Mtu hodari na mchapakazi ana ora mweupe, mzuri wa sura. Mvivu na mwoga ana ora mweusi. Ukoo nao una ora wake, na nyumba pia, na mara nyingine anajionyesha kwa umbo la nyoka, ndiyo maana nyoka wa nyumbani hauawi ovyo.

Lugha imeyahifadhi hayo katika maneno ya kila siku. Mwenye bahati huitwa orëbardhë, «wa ora mweupe». Mwenye mikosi huitwa orëzi, «wa ora mweusi». Anayetamka maneno hayo leo sokoni Shkodër si lazima awe anaamini chochote, kama vile sisi tunavyosema mtu ana «nyota» bila kutazama angani.

Sasa, neno orë katika Kialbania lina maana nyingine iliyo wazi zaidi: saa, ya kuhesabu na ya ukutani, kutoka hora ya Kilatini. Wanafunzi wenzangu wanaopenda muziki wanamjua mwimbaji Rita Ora, mzaliwa wa Prishtina. Jina la ukoo wake la asili ni Sahatçiu, ambalo maana yake ni fundi saa, kutoka saat ya Kituruki. Wazazi waliongeza Ora, neno la Kialbania lenye maana ileile, kwa kuwa ni rahisi zaidi kutamkwa na wageni. Na saat hiyo ya Kituruki ilitoka katika Kiarabu, mahali palepale ilipotoka «saa» ya Kiswahili. Kwa hiyo jina la ukoo wa mwimbaji huyo lina shina moja na neno tunalolitumia kila asubuhi tunapochelewa darasani.

Lakini tuwe waangalifu. Maneno mawili kuwa na umbo moja hakuthibitishi kwamba yana asili moja, na mfano mzuri ni kosa langu: «zana» ya Kiswahili na zana ya Kialbania zimekutana kwa sadfa tupu. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba msikilizaji wa Kialbania anaposikia ora, anasikia ndani yake saa na bahati kwa wakati mmoja. Mwenye ora mzuri ni kama mtu ambaye saa yake ni njema. Mtafsiri anayeandika «malaika mlinzi» ameleta dini ambayo haimo, na amepoteza saa iliyomo.

Upande wa kusini, kazi hiyo ya kugawa bahati inafanywa na akina fati, wanawake watatu wanaokuja usiku wa tatu baada ya mtoto kuzaliwa na kumkatia maisha yake. Jina lao linatokana na fatum ya Kilatini, «lililoamriwa». Neno hilohilo ndilo lililozaa fée ya Kifaransa. Tunalidhani ni neno la hadithi za watoto, kumbe lilianza likiwa neno la hukumu.

4. Shtojzovalle: jina ambalo ni sala

Jina la tatu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Shtojzovalle ni wanawake wa milimani na misituni wanaocheza kwa makundi, hasa usiku. Anayekanyaga mahali wanapochezea au wanapokula anaweza kuugua au kupooza. Sasa litazameni neno lenyewe. Ukilipasua, unakuta sentensi nzima: shto, «ongeza», zot, «Mungu, Bwana», valle, «ngoma, michezo ya kucheza». Yaani: Mungu aziongeze ngoma zao!

Mtu aliyepita mlimani akilazimika kuwataja hakuwaita kwa jina. Aliwatakia heri. Heri hiyo ikarudiwa vizazi na vizazi hadi sentensi ikagandamana, kitenzi na nomino zake zikashikana, na ikawa nomino moja. Kisarufi ni jambo la kupendeza: dua imekuwa neno. Na maneno mengine yanayowataja viumbe wa namna hii yanafuata njia hiyohiyo: të lumet, «wenye heri»; e bardha, «mweupe»; e mira, «mwema»; jashtësme, «wa nje»; nuset e malit, «mabibi-arusi wa mlimani». Hakuna hata moja linalosema ubaya wao. Wagiriki wa kale walifanya vivyo hivyo walipowaita Eumenides, «wapole», miungu ya kike ya kisasi ambayo haikuwa mipole hata kidogo.

Sisi hatuna sababu ya kulishangaa hili. Nyanya yangu kijijini hakukubali neno «nyoka» litamkwe usiku. Ilikuwa «kamba», na mtoto aliyesahau alikaripiwa. Katika somo la isimu tunaliita jambo hili tafsida, na tunalifundishwa kana kwamba ni adabu ya kuficha maneno ya aibu tu. Shtojzovalle inatukumbusha chanzo kingine cha tafsida: hofu na heshima mbele ya kitu kinachoweza kusikia kinapotajwa. Ukimwita «kamba», humdanganyi nyoka. Unamwambia kwamba hutaki ugomvi naye.

Hapa ndipo «mashetani wa mlimani» wangu walipoharibu kila kitu. Waalbania walitumia lugha yao yote ili wasiwaite vibaya viumbe hawa, mimi nikawatukana kwa neno moja.

5. Mtafsiri afanye nini?

Kiswahili kina maneno mengi ya kujaribu. «Jini» analeta pamoja naye Uislamu wa pwani. «Mzimu» ni wa mtu aliyekufa, na zana hakuwahi kufa. «Kichimbakazi» ni wa kike na wa ajabu, lakini ni mtishaji, hanyonyeshi mashujaa. «Pepo» lenyewe limeshapita katika mikono ya watafsiri kabla yetu: katika Biblia, «pepo wachafu» wanatolewa kwa watu, huku «peponi» pakiwa ni mahali pema pa kukaa wenye haki. Neno moja limetumwa pande mbili, na msikilizaji wa leo anaposikia «ana pepo» hafikirii hata kidogo mahali pema. Hilo ni onyo. Uamuzi wa mtafsiri mmoja, ukirudiwa na watu wengi, hubadilisha jinsi watu wanavyokiona kile kinachotajwa. Maneno mengi ya wazee wetu wa Kongo kuhusu yasiyoonekana yaliandikwa katika kamusi na watu waliokuwa na haraka kama mimi siku ile.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, zana na ora wabaki na majina yao, na maelezo mafupi yatolewe wanapotajwa mara ya kwanza. Pili, shtojzovalle, kwa kuwa jina lao lina maana iliyo hai, watajwe kwa jina na kwa maana: «shtojzovalle, wale ambao Mungu aziongeze ngoma zao». Sentensi inarefuka, lakini msomaji wetu anaisikia ile dua.

Tatu, tutumie sarufi yetu wenyewe. Tatizo la «zana» ya kulimia na zana wa mlimani linatatuliwa na upatanisho wa ngeli bila kuongeza herufi hata moja kwenye nomino. Zana hizi ni vifaa. Zana hawa ni watu. Kifaransa hakina njia hiyo. Sisi tunayo, na kosa langu la kwanza halikuwa kuliacha neno lilivyo. Kosa lilikuwa katika kiambishi cha kitenzi.

Hitimisho

Juzi nilimpelekea Mwalimu karatasi ileile ikiwa imesahihishwa. Sentensi ya mstari wa tatu sasa inasema: «Zana wa mlimani walimpa kijana nguvu.» Aliisoma mara moja tu, akaweka alama ya ndiyo pembeni, kisha akauliza:

– Na zile lugha nyingi walizotaka kumpa, kwa nini alizikataa?

Nilimjibu kwamba Muji alikuwa bado mtoto, na wavulana wa kijiji walikuwa wanampiga.

– Basi, alisema, zana wenyewe walizihesabu lugha katika malipo yao, pamoja na nguvu na mali. Waambie wenzako.

Nimewaambia.